Namba Iliyopimwa Ndani ya Nyumba

Siku ya kwanza kuliosha gari lile nilikuwa nimeinama mbele yake, boneti iko wazi, kitambaa mkononi, nikiamini kabisa kwamba limezimwa. Hapakuwa na sauti yoyote. Ghafla injini ikanguruma yenyewe, hakuna aliyegusa ufunguo, nami nikaruka nyuma nikakalia ndoo ya sabuni.

Dereva wake, mzee mmoja mrefu kutoka Githongo, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Halikuwa limezimwa," akaniambia. "Lilikuwa limenyamaza. Hii ni haibridi. Inalala jicho moja wazi."

Tangu siku hiyo sikutulia. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimechuma majani chai, nimepakia ndizi kwenye malori, nimeuza mayai ya kuchemsha, nimechimba visima kule chini Embu ambako ardhi ni kavu kama tofali. Sijawahi kukaa mahali miaka miwili. Kitu pekee kinachoweza kunisimamisha ni kitu ambacho sijui kinavyofanya kazi. Mwaka ule nilikuwa naosha magari Makutano, na kitu chenyewe kilikuwa gari hilo: kubwa, jeusi, viti vya ngozi, lililotumika kwanza Japani kabla ya kuletwa kwetu. Lilikuwa na injini ya petroli na mota ya umeme, na betri chini ya kiti cha nyuma. Ukikanyaga breki, magurudumu yanarudisha umeme kwenye betri. Mzee alinieleza hilo mara tatu nami nikamwomba anieleze mara ya nne.

"Wewe, maswali yako yatanimalizia siku," alisema, lakini alieleza.

Mwenye gari tulimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, akastaafu, akageukia kahawa na parachichi, na parachichi zikamnyanyua. Alilinunua gari kwa ajili ya heshima, ndiyo, lakini alilinunua pia kwa ajili ya namba. Karatasi ya muuzaji ilisema kilomita kumi na nane kwa lita moja. Gari kubwa hivyo, kumi na nane! Aliitia karatasi hiyo kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka ndani ya gari, na aliyepewa lifti alisomewa.

Jumatano moja alikuja mwenyewe Makutano, daftari mkononi, akamkuta Mzee ameketi pembeni huku mimi nikisugua magurudumu. Hakutusalimu.

"Kila wiki naandika kilomita, naandika lita," alimwambia Mzee. "Karatasi inasema kumi na nane. Mimi napata tisa. Tisa mara mbili ni ngapi?"

"Kumi na nane, Mwalimu."

"Basi hiyo nusu nyingine ya petroli yangu inakunywa nani?"

Mzee alisimama polepole. "Mimi sijawahi kukuibia hata tone la kulowesha kitambaa."

"Hesabu haina undugu. Mwisho wa mwezi utafute kazi kwingine. Na wazee wenzako wa kanisa wawili nimeshawaambia sababu."

Mzee alikuwa ameendesha malori miaka ishirini na sita bila doa. Kanisani alikuwa mmoja wa wanaopitisha kikapu cha sadaka. Huko Githongo mtu akishaitwa mnyonya petroli, hata mkono wake wa sadaka utanuswa. Mdomo wangu ukatangulia akili yangu, kama kawaida yake.

"Mwalimu, hiyo kumi na nane aliipima nani?"

Aligeuka. "Imeandikwa."

"Najua imeandikwa. Nauliza ilipimwa wapi. Kwa barabara gani?"

"Wewe uliacha shule darasa la ngapi?"

"La saba. Tulikuwa tumefika kwenye desimali."

"Ndiyo maana huna adabu nazo."

Lakini hakuondoka. Niliona swali limemwingia kama mwiba mdogo, na mwalimu wa hesabu hawezi kutembea na mwiba. Nikamwambia kipimo ni rahisi. Tujaze tangi hapa Makutano mpaka pampu ikatike yenyewe. Twende Embu, turudi, tujaze tena kwa pampu ileile, gari likiwa limesimama palepale. Kilomita tunazo kwenye dashibodi, lita tunazo kwenye pampu.

"Na nani ataendesha?" aliuliza.

"Wewe. Mzee akae nyuma asiguse chochote. Kama mwizi ni yeye, namba itapanda yenyewe."

Mzee aliniangalia kama mtu aliyerushiwa kamba asiyojua imefungwa wapi. Kisha akavua ufunguo kwenye mnyororo wake, akampa Mwalimu.

Tuliondoka asubuhi ya Ijumaa. Mwalimu usukani, mimi kando yake na daftari, Mzee peke yake nyuma kwenye ngozi, mikono juu ya magoti, amenyooka kama yuko ibadani. Kwenye skrini kulikuwa na picha ya gari na mishale. Mshale ukienda kwenye magurudumu, betri inasukuma. Ukirudi, betri inajazwa. Nilishindwa kuangalia kitu kingine. Baada ya Nkubu barabara inaanza ule mchezo wake wa kushuka mtoni na kupanda, kushuka na kupanda, kila bonde na mto wake kutoka mlimani. Tulipoteremka kuelekea mto Mutonga mshale uligeuka, betri ikaanza kupanda kijiti kimoja baada ya kingine, na sisi hatuchomi hata tone. Petroli sifuri, gari zito vile linateleza kimya kati ya migomba. Nilikuwa nikipiga goti langu.

"Inajaza, Mwalimu. Mlima unatulipa."

"Nyamaza uandike," alisema, lakini naye alikuwa anachungulia.

Kisha tukavuka daraja na kuanza kupanda, na akiba yote ikaisha kabla hatujafika juu. Injini ikapiga kelele. Pikapu ya miraa ikatupita kwenye kona, nyingine ikafuata, na Mwalimu, ambaye hakuzoea kupitwa na majani, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

"Polepole, Mwalimu," Mzee alisema kutoka nyuma. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Makutano. "Hawa huwezi kuwashika. Mimi huwaacha waende."

Karibu na Chuka polisi walitusimamisha. Askari alimpita Mwalimu, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la nyuma, akapiga saluti.

"Habari ya safari, mheshimiwa?"

"Nzuri," Mzee alijibu kwa upole. "Maswali mengine muulize dereva."

Nilitazama nje dirishani mpaka Runyenjes ili Mwalimu asiione sura yangu. Masikio yake yalikuwa yamesimama. Lakini mahali fulani baada ya kuvuka mto Thuchi nilisikia kitu kama kikohozi, na nikajua kwamba anacheka bila kutaka.

Embu tulikula mukimo, kisha nikawaburuta hadi kwa fundi mmoja niliyemjua tangu nikichimba visima, dada anayetengeneza betri za magari ya haibridi. Mwalimu alimwonyesha ile karatasi ndani ya plastiki. Dada aliisoma akiwa bado ameshika bisibisi.

"Hii namba ilipimwa ndani ya nyumba," alisema. "Gari linawekwa juu ya magurudumu ya chuma, linazunguka palepale. Hakuna mlima, hakuna matope, na anayeendesha ana mguu mwepesi kama wa paka. Si uongo, Mwalimu. Ni ukweli wa huko."

"Na ukweli wa huku?"

"Huo unaupima wewe. Ila wateja wangu wenye magari kama hili hakuna aliyeniambia amefika kumi na nane. Bado nangojea wa kwanza."

Nilitamani kubaki pale. Nyuma yake kulikuwa na betri iliyofunguliwa, vipande vyake vimepangwa kama vitabu kwenye rafu, na nilikuwa na maswali arobaini. Lakini Mzee alikuwa mlangoni akiangalia jua.

Tulirudi Makutano alasiri. Mhudumu alijaza mpaka pampu ikakatika. Kilomita mia mbili sitini na mbili, lita ishirini nukta mbili. Mwalimu alipiga hesabu juu ya boneti kwa kalamu, akakataa simu yangu. Akarudia.

"Kumi na tatu kasoro kidogo," alisema.

Mzee alishusha pumzi. Mimi nilikuwa karibu kucheza. Lakini Mwalimu alikuwa bado ameinama juu ya daftari.

"Karatasi imenidanganya tano. Sawa, hizo nimewasamehe. Lakini nyinyi wawili niambieni: mimi barabarani nimepata kumi na tatu, na kila wiki daftari linasema tisa. Hizo nne zimeenda wapi?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimempeleka Mzee Embu na kumrudisha na tuhuma ileile, ndogo zaidi lakini yenye ushahidi bora.

"Basi tupime wiki yenyewe," nikasema. "Ufunguo ukae kwako. Safari zako za kila siku, Githongo na Makutano, na mimi niko kando."

Mzee alienda nyumbani kupalilia kahawa yake. Alisema hataki hata kivuli chake kiguse gari. Kuanzia Jumatatu nilipanda na Mwalimu, na ilikuwa wiki ya baridi, ukungu umeketi juu ya kahawa mpaka saa nne. Niliandika kila kitu. Asubuhi gari linashuka likiwa baridi, injini haitaki kulala. Mchana linapanda na magunia ya mbolea nyuma. Vituo vifupi, vifupi. Yote hayo yalikula, lakini niliona hayatoshi kueleza zile nne.

Siku ya Jumatano tulisimama kwenye kiwanda cha kahawa, ambako Mwalimu alingojea mkutano wa wakulima. Mkutano ulichelewa, kama kawaida. Alifungua gazeti, akawasha hewa ya moto, akaielekeza kwenye magoti yake. Gari kimya. Nje wanaume walisimama kwa makundi, mikono mfukoni. Nilikuwa nimeanza kusinzia kwa joto lile tamu niliposikia mtetemo mdogo chini ya kiti changu. Ukaisha. Baada ya muda ukarudi. Na mimi nikakumbuka ndoo ya sabuni.

"Mwalimu, gari limewaka."

"Halijawaka. Sikiliza."

"Tafadhali shuka kidogo."

Alishuka akinung'unika. Nikamwongoza mpaka nyuma, nikachuchumaa, nikaweka kiganja kwenye ekzosi. Nikamwomba naye aweke. Wakulima wakageuka kutazama, maana si kila siku mwalimu wao wa zamani anainama nyuma ya gari na kulipapasa kama ng'ombe anayekaribia kuzaa. Akaweka mkono. Tukangoja. Kisha injini ikaamka, na pumzi ya moto ikampiga kiganjani.

Hakuondoa mkono kwa muda mrefu.

"Hewa ya moto inatoka kwenye maji ya injini," nikamwambia, na maneno yalikuwa yakigombania mlango. "Maji yakipoa, injini lazima iamke iyapashe. Gari likisimama, kilomita hazisogei, lakini lita zinaenda. Wewe hukaa hivi muda gani, Mwalimu?"

"Saa moja na nusu," alisema. "Wakati mwingine mbili." Akafuta mkono kwenye suruali. "Kila siku, popote ninapongojea, baridi ikiwapo. Magoti yangu hayaipendi."

"Na Mzee?"

"Yeye hutoka kusimama na wenzake." Aliwatazama wale wanaume kwenye ukungu. "Yeye hata hakuwa ndani."

Jumamosi ilikuwa mwisho wa mwezi. Mzee alikuja Makutano kwa miguu yake, amevaa koti la kanisani, tayari kwa lolote. Pampu ikakatika. Kilomita mia moja tisini na nane, lita ishirini na tatu. Mwalimu akagawanya juu ya boneti, akarudia, kisha akampa Mzee daftari asome mwenyewe.

"Nane nukta sita," Mzee akasoma. Akainua macho. "Lakini mimi nilikuwa napata tisa."

"Ndiyo," Mwalimu alisema. "Dereva mpya ni mbaya kuliko wa zamani. Nitamfuta kazi."

Akatoa ufunguo, akaunyoosha kwa mikono miwili. Mzee hakuupokea.

"Na wale wawili uliowaambia?"

Mwalimu alibaki ameshika ufunguo hewani.

"Kesho nitasimama," alisema.

Alisimama kanisani, wakati wa matangazo. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Nadhani alikusudia kusema sentensi mbili, lakini alikuwa mwalimu, na aliwafundisha somo zima: karatasi, mabonde, magunia ya mbolea, hewa ya moto, kugawanya. Akasema amemshtaki mtu mwaminifu kwa sababu alisoma namba bila kuuliza ilikotoka, kosa ambalo angemchapia mtoto wa darasa la nne. Watu walicheka alipofika kwenye magoti. Mzee hakucheka. Alikuwa ameshika kikapu cha sadaka kifuani kwa mikono yote miwili, na wimbo ulipoanza akaanza kukipitisha kutoka benchi la mbele, taratibu, akimtazama kila mtu usoni.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Embu, nikibeba betri kwa yule dada fundi na kumchosha kwa maswali. Simu ikalia. Alikuwa Mzee, bila salamu.

"Kumi na moja nukta nne."

"Mmefanyaje?"

"Nimemfunika magoti na blanketi la mke wangu. Hewa ya moto nimeizima."

Nyuma yake nilisikia sauti nyingine, ya karibu, kama ya mtu aliyeketi kando yake.

"Mwambie nukta tano. Na mwambie blanketi linawasha."