Yai Lenye Mutoto

Katika Buyenzi nzima, mtaa wetu, hakuna mtu aliyewahi kupasua yai la mama yangu akakuta kifaranga ndani. Nasema hakuna, na anayebisha aje. Mama aliuza mayai ya kienyeji mbele ya nyumba yetu, kwenye meza ya mbao, na kila yai lilipita mkononi mwake kabla ya kufika kwa mnunuzi. Alilishika kwenye ngumi, akalielekeza juani, akafumba jicho moja. Likiwa halina kitu alisema "safi". Likiwa na ile mishipa myembamba myekundu alisema "hili liko na mutoto", akalipeleka uani likaatamiwe na kuku wake. Miaka ile ya vita na vikwazo chakula kilikuwa taabu, na wauzaji wengi walichanganya tu, bahati yako. Mama? Wapi! Watu walitoka mpaka mtaa wa Nyakabiga kuja kununua kwake, na njiani walipita meza za wengine. Chema chajiuza.

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu wa biolojia pale kampasi ya Mutanga. Chuo kilikuwa kimefungwa na kufunguliwa mara nyingi hadi tukasahau tuliishia somo gani. Ndipo likaja tangazo la mafunzo ya siku kumi: mbinu za kuchunguza jinsi kiumbe kinavyojijenga, kutoka chembe moja mpaka mnyama kamili. Tulichukuliwa wanane. Mwalimu alikuwa profesa Mkongomani kutoka Kisangani, mwembamba, koti jeupe limepigwa pasi vizuri, aliyefundisha kwa Kifaransa na kufoka kwa Kiswahili. Alituahidi kwamba tutakata kidirisha kwenye ganda la yai, tutaona moyo wa kifaranga unapiga, tutauchora saa kwa saa, kisha tutaziba kidirisha kwa utepe ili kiinitete kiendelee kukua. Miaka mitatu nilikuwa nimeyaona mambo hayo ubaoni tu, kwa chaki. Nilikuwa na hamu nayo hata chakula hakipiti.

Siku ya kwanza tukakuta trei za mayai mezani, makubwa, meupe, yanafanana yote. Nikacheka kwa sauti.

"Kuna nini?" profesa akauliza.

"Haya mayai hayana baba," nikasema.

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alidhani namtania, akanitoa nje nikapunguze mdomo. Mayai yakaingia kwenye kuvezi, lile sanduku la umeme linaloatamia badala ya kuku. Siku ya tatu tukayafungua: kiini cha njano na ute, basi. La kwanza hivyo, la ishirini hivyo.

Kosa lilikuwa la karani aliyetumwa kununua, na wala simlaumu. Karatasi ya profesa ilitaka mayai yaliyorutubishwa. Karani, mtu wa hapa hapa mjini, aliona aibu kumletea mgeni mheshimiwa mayai ambayo hata nyumbani kwake yangetupwa. Akatafuta mazuri. Na kwetu yai zuri ni lile lisilo na mutoto. Akaenda mpaka kwenye shamba la kuku wa kizungu, mahali ambapo jogoo hajawahi kukanyaga, akarudi anajisifu kwamba amepata mayai ambayo hata kwa bahati mbaya hayawezi kuwa na kitu ndani. Profesa alipoelewa alikaa chini, akafuta miwani muda mrefu. Zilibaki siku saba.

"We wa mdomo," akaniita. "Mayai yenye baba yapo wapi?"

"Kwa mama yangu. Kesho asubuhi nayaleta, tena yaliyokwisha kuanza."

Sikuwa nimemwuliza mama. Ndivyo nilivyo.

Mama alinisikiliza huku anapanga mayai. Nilipomaliza akasema, "Apana."

"Mama, ni ya masomo."

"Mi siuzi mayai yenye mutoto. Miaka yote hii siuzi, leo nianzie kwa profesa?"

"Basi usiuze. Toa tu."

Akaniangalia sana. "Na huyo mutoto mutamufanya nini?"

Nikamwambia ukweli: tutamwangalia, tutamchora, na wengine watakufa. Hakupenda, na hakuficha. Lakini meza ile ndiyo iliyonisomesha tangu darasa la kwanza, na hakutaka nishindwe nikiwa nimefika mlangoni. Akaingia uani, akatoa kumi na mawili chini ya kuku, akayapanga kapuni juu ya pumba na kuyafunika kwa kanga.

"Chukua. Lakini mutu asijue. Nikiitwa muuza mayai yenye mutoto, nimekwisha."

"Wallahi, mama, sisemi."

Kesho yake nilikata kidirisha changu cha kwanza. Ndani ya njano kulikuwa na kitone chekundu, kidogo kuliko mbegu ya nyanya, kinarukaruka. Kilikuwa moyo. Nililia mbele ya wote, na sioni haya kusema. Profesa akainama kwenye mikroskopi yangu, akachungulia, akasema tu, "Lete mengine."

Nilishuka kutoka Mutanga kwa miguu, nikapita Nyakabiga na Bwiza, na sijui hata askari wa kizuizini waliniuliza nini. Furaha ilikuwa imenijaa. Nilipoingia mtaani kwetu nikamwona mama kwa mbali, na kabla sijamfikia nikapaza sauti kama mwehu: "Mama! Profesa anataka mengine yenye mutoto! Yale uliyonipa yalikuwa mazuri sana!"

Mezani walikuwepo wanawake wanne. Mmoja alikuwa jirani yetu mpika maandazi, mteja mkubwa kuliko wote. Alikuwa ameshaweka mayai kapuni. Akayarudisha mezani moja moja, taratibu, akaondoka bila kuaga. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mama.

Kufika alasiri mtaa mzima ulishajua. Kwamba yule mama ana mayai yenye watoto, kwamba anayauza chuoni, kwamba nani ajuaye tumekula mangapi. Siku mbili trei zikabaki zimejaa. Mama alikaa kwenye kigoda chake kama kawaida, akiinua yai juani, akisema "safi", na hakuna aliyekuwepo kusikia. Hakunigombeza. Bora angenipiga.

Mi si mtu wa kukaa kulia. Nilimwendea profesa nikamweleza yote, na safari hii sikumtania. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Mama yako anajua kama kiinitete kina siku ngapi?"

"Anajua."

"Kabla ya kupasua?"

"Kwa ngumi na jua tu."

"Mwambie aje."

Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, si kwa ajili yangu, ila akamwambie yule mwanamume usoni atafute muuzaji mwingine. Alivaa kitenge chake cha Idi. Tulipoingia labo profesa alisimama, akampa mikono miwili, akamvutia kiti. Kisha, kabla mama hajaanza kulalamika, akamwekea kiganjani yai kutoka kuvezini, tulimochanganya yale kumi na mawili na mengine mapya ya trei zilizododa.

"Mama, samahani. Huyu ana siku ngapi?"

Hakuweza kujizuia. Akaenda dirishani, ngumi, jua, jicho moja.

"Tatu."

Profesa akafungua daftari tulimoandika umri wa kila yai: tatu. Akampa jingine.

"Ine," mama akasema. Daftari likakubali.

"Na huyu?"

"Huyu amekufa. Jana."

Tukapasua. Amekufa. Sisi wanane na vitabu vyetu, kwa zoezi lilelile, tulikuwa tumekosea karibu nusu. Lakini yai lililofuata mama alisema tano, na daftari likasema nne. Profesa akatabasamu kidogo, kwa upole.

"Mama, daftari inasema nne."

"Daftari inadanganya," mama akasema. "Nani aliandika?"

Nilikuwa mimi. Nilisahau kuhesabu siku moja ambayo lile yai lilikaa chini ya kuku wetu. Profesa alipopasua akapima vichipukizi vya mabawa na miguu, akalinganisha na picha za kitabu, akakata nne yangu kwa kalamu nyekundu na kuandika tano. Wenzangu walinizomea mpaka nikacheka mwenyewe.

Kisha akamwonyesha mama yai la siku mbili na nusu kwenye mikroskopi. Mama aliinama kwa muda. Miaka yote alikuwa ameona wekundu tu kupitia ganda.

"Kumbe moyo ndio unatangulia," akasema polepole. Halafu akainuka, akanitazama kwa ukali. "Funika basi. Atasikia baridi."

Maneno aliyokuja nayo hakuyasema tena.

Siku ya kumi tulipewa vyeti. Tulikuwa wanane, vyeti vilikuwa tisa. Cha tisa profesa alikisoma mwenyewe: kwamba mama amejaribiwa mbele ya mashahidi na kuonekana anaweza kutambua umri wa kiinitete cha kuku bila kuvunja ganda. Sahihi, na muhuri wa bluu. Mama hakujua kusoma. Njiani alinisimamisha mara mbili nimsomee tena, polepole, Kifaransa kwanza, halafu Kiswahili.

Asubuhi akakifunga kwenye plastiki na kukipigilia misumari ukutani, juu ya meza. Nikaanza kuita wapita njia niwaeleze.

"We nyamaza," akasema. "Umekwisha kusema yako."

Jirani mpika maandazi akapita upande wa pili wa njia. Akaona muhuri. Akavuka, akasimama mbali kidogo.

"Hii karatasi ni ya nini?"

"Ya chuo kikuu."

"Inasemaje?"

Mama akachukua yai, akalielekeza juani. "Inasema yai lenye mutoto halinipiti. Hata maprofesa wameshuhudia. Sasa we fikiri mwenyewe kama linaweza kukufikia."

Jirani akalitazama yai, akamtazama mama, akaweka kapu lake juu ya meza.

"Haya," akasema. "Nichagulie."