Wasiovuka

Kokwijuka, mtoto wa kaka yangu, alipotuambia anasomea uhandisi wa usafiri, nilidhani atajenga madaraja. Kumbe! Likizo alirudi Kemondo, akachukua kiti cha plastiki, akakaa kando ya barabara ya Bukoba akihesabu watu. Majirani wakaniuliza kama ndiyo masomo tuliyouzia kahawa. Niliona aibu, sikatai.

"Shangazi," akanieleza, "barabara haianzi na lami. Inaanza na kujua nani anapita, saa ngapi, na kwa kasi gani."

Alichotaka ni kimoja: zebra, ile mistari ya kuvukia barabara, mbele ya kanisa. Hapo ndipo pikipiki ilipomgonga mama yake, wifi yangu Magdalena, miaka mitatu iliyopita, ikamwachia mguu mbovu. Maofisa wa barabara walimwambia alete hesabu ya siku moja, wavukao wasipungue mia tatu.

Jumatano alipata mia nne na kumi na wawili. Nikamwambia apeleke. Jioni akauliza mbona wengi walikuwa na kuni na ndizi kichwani.

"Si ulikuwa msiba wa mzee Kagaruki," nikasema. Siku ya msiba kwetu hakuna anayeshika jembe, wote tunakwenda kwa wafiwa na kuni na ndizi. Akasema basi hiyo si hesabu ya siku ya kawaida, akaikunja ile karatasi, akaiweka kando. Nilimfokea kweli.

"Njia ya mwongo fupi, Shangazi," akasema.

Wiki iliyofuata akahesabu upya: mia moja themanini na wanane. Alikaa anaitazama ile karatasi mpaka hasira zikanipanda.

"Na mama yako umemhesabu?"

"Mama havuki."

"Basi! Kanisa analiona kutoka mlangoni, na tangu agongwe hajalikanyaga. Wewe unahesabu wanaothubutu tu."

Akachukua karatasi mpya, akapita nyumba kwa nyumba upande wetu, akiuliza nani ameacha kuvuka na kwa nini. Vikongwe, wajawazito, wenye watoto wadogo. Alipata majina mia moja arobaini na moja, la kwanza Magdalena. Akapeleka karatasi zote mbili, ya wanaovuka na ya wasiovuka.

Zebra na matuta vilikuja Juni, mwenyewe akiwa chuoni. Jumapili nilimshika wifi mkono, tukavuka polepole, lori la samaki limesimama linatusubiri. Baada ya ibada simu ya wifi ikaita, ni Kokwijuka.

"Mama, umevuka?"

"Nimevuka," Magdalena akasema, machozi yakimtoka. "Nifute kwenye ile karatasi yako."