Kundi la Nyuma ya Shule

Msimamizi wangu wa shahada ya uzamili alinipa mwezi mmoja nilete kundi la kuchunguza, la sivyo nirudie mwaka. Mada nilikuwa nimejichagulia mwenyewe kwa ujuaji wangu: madhehebu mapya, na yale ambayo watu huyaita potofu. Shahada yenyewe niliitaka kwa sababu moja tu. Niliamini ingenipatia uhamisho wa ualimu kutoka Tarbaj, huku kaskazini, nirudi kwetu Kitui, ambako binti yangu wa miaka sita alikuwa akilelewa na mama yangu.

Nilikwama kwenye maana. Fasili yangu ya kwanza ilitaja kiongozi asiyepingwa, kujitenga na michango isiyoisha. Msimamizi akaandika pembeni kwamba hicho ni chama cha akina mama cha kanisani kwake. Nikaikazakaza fasili hadi ikawa haimgusi mtu yeyote duniani. Akaniambia pia kwamba "potofu" ni tusi. Mtafiti huuliza watu wanaishi vipi, hawatukani. Mwishowe nikabaki na alama saba za kulitambua kundi la namna hiyo, kwenye karatasi moja, nikazipeleka kwa chifu kuomba ruhusa ya utafiti, ingawa nilijua hapa wenyeji wote ni Waislamu wa dini ileile ya babu zao na kwamba huenda natwanga maji.

Chifu alikuwa kwenye simu akiuza mbuzi. Alipomaliza, akaisoma karatasi yangu polepole kwa kidole.

"Abaayo," akasema, kama Wasomali wa hapa wanavyomwita dada, "hii kundi mimi najua. Takaba hakuna, Wajir hakuna. Iko hapa. Pale nyuma ya shule."

Nilifurahi. Nikatoa kalamu na kumwuliza nyuma ya shule upande gani.

"Kwa nyumba ya mabati. Walimu ya kutoka Kenya."

Huku, Kenya ni kule tulikotoka sisi. Na nyumba ya mabati ilikuwa yetu, walimu saba wa kutoka bara, mimi nikiwa wa saba. Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Wanaacha familia. Ndiyo ama hapana?"

"Ndiyo, chifu."

"Wanangoja siku moja watachukuliwa, lakini hawajui ni siku gani?"

Hapo kicheko kilinikauka, kwa sababu nilimkumbuka mwalimu wetu wa hesabu. Kila Januari alitutangazia kwamba barua za uhamisho zitatoka Aprili. Aprili ikipita, alitueleza kwamba hazikukosekana, ila sisi ndio tulioelewa vibaya, na tulimwamini zaidi ya mwanzo. Alitufungisha saumu kila Jumatano. Hakuna aliyenunua kitanda, maana kununua kitanda kulikuwa kukosa imani. Tulilala kwenye magodoro sakafuni, masanduku yamefungwa tayari. Wachache waliobahatika kuondoka walijitoa kwenye kundi letu la WhatsApp kabla basi halijafika Garissa.

"Na wewe," chifu akauliza, "mtoto yako iko na miaka ngapi?"

"Sita."

"Uliacha yeye na ngapi?"

"Mmoja."

Akagonga muhuri kwenye barua yangu na kunirudishia. "Andika fizuri," akasema, kisha akampigia tena yule wa mbuzi.

Nilitoka pale nimekasirika kwelikweli, na hasira ile haikuwa ya chifu. Mchana, tukila kabichi, mwalimu wa hesabu akasema amesikia kutoka kwa mtu wa uhakika kwamba barua zitatoka baada ya Pasaka. Wote wakaitikia amina. Mimi nikauliza, kama mtafiti, "Na zisipotoka?"

Kijiko cha mtu kilianguka. Miaka mitano, hakuna aliyewahi kuuliza hivyo.

Jioni hiyo nilimpigia mama nikamwambia likizo ikifika namfuata mtoto, atasoma hapa, gredi ya kwanza, na mimi ndiye mwalimu wa darasa hilo. Mama akauliza kama kuna maji. Wenzangu walinitazama kama mtu aliyeasi dini. Mwalimu wa hesabu alinivuta kando. "Utatuharibia," akasema. "Wale wa uhamisho wakiona umeleta mtoto, watafikiri tumekubali kukaa."

Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Tasnifu niliiandika juu yetu, ikapita.

Binti yangu alifika na mkoba mmoja na maswali mengi. Siku tatu za kwanza aliniita Anti. Ya nne akaanza kuniita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo watoto wenzake wanavyoniita. Lile jina lingine bado nalingoja, na sijamwuliza lini.