Salamu za Mama Nilizozipokea India

Siku moja naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu Neema, na leo nitakusimulia, ingawa kuna watu huko uani hawatapenda. Kaa hapa karibu. Acha hivyo vyombo, wengine wataviosha. Baba yako tumemlaza chumbani, kesho tunamzika, na nimemsikia shangazi yako Faida akikunong'oneza jikoni kwamba kaka yako Baraka, aliye Lubumbashi kwenye mitihani, asiambiwe kitu. Akipiga simu jioni, useme baba amelala. Nimesikia pia ulivyojibu, "Ndiyo, shangazi." Jibu hilo ndilo lililonitoa kwenye kiti.

Mimi baba yako mkubwa, kabla mgongo haujaanza kunisumbua, nilikuwa mpiga picha hapa hapa Mulongwe. Harusi, ubatizo, matanga, picha za kadi. Bibi yako hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Yeye alikuwa mwanamke wa mpunga, shamba lake lilikuwa Nyakabere, na alirudi jioni matope yamemfika magotini, ananikuta nimekaa nafuta kamera kwa kitambaa laini.

"Weye unaangalia batu bakitumika," alikuwa akiniambia. "Iyo njo kazi?"

Kutazama watu wakifanya kazi, kwake, hakukuwa kazi. Tuligombana kwa hilo miaka. Mwishowe nikauza pikipiki yangu nikaenda India, peke yangu, na kamera shingoni. Watu wa hapa walikwenda kule kutibiwa au kununua bidhaa. Mimi nilikwenda kuona, na nilipoaga walinicheka. Nilizunguka karibu mwaka mzima kwa treni, kutoka Delhi nikishuka kusini pole pole, nalala penye bei nafuu. Kuna miji ambako wenye nyumba walinifungia mlango walipoiona rangi yangu, na kuna mabehewa ambako watu wasionijua kabisa walinimegea chapati zao. Usiniulize India ni nzuri au mbaya. Ni nchi ya watu.

Siku hizo simu zetu hazikupokea picha. Nilizituma kwa mtandao, na Faida alikwenda kwenye duka la intaneti pale sokoni, anazichapisha, anampelekea mama. Kisha ananiandikia mama alichosema. Nilipotuma picha ya jumba la wafalme, jibu lilikuja: "Mama anauliza, iyo nyumba ni ya nani, na weye unaisimamia juu ya nini, itakupa nini?" Nilipotuma picha ya mzee mmoja aliyekaa mlangoni kwake, akasema, "Huyu muzee ulimupiga bila kumusalimia. Inaonekana mu macho yake."

Iliniuma sana, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo nikaanza kusalimia kwanza, naweka kamera chini, nakunywa chai na mtu, ndipo naomba. Picha zangu zikabadilika. Mama alikuwa akinifundisha kazi ambayo yeye mwenyewe hakuitaka, na sijui kama alijua.

Kisha nikafika kusini, mbali kidogo na Chennai, nikawakuta wanawake wanapanda mpunga. Wameinama kwenye maji, mstari mmoja, wanaimba. Nikasimama pale kama mtoto aliyepotea akaona nguo ya mamake. Nilikaa nao siku kadhaa, nikawapiga picha, nikazituma nyumbani zote. Jibu lilikuwa hivi: "Mama amelia juu ya furaha. Anasema sasa anaelewa kazi yako. Anasema uendelee, Mungu akubariki."

Mwanangu, niliweka kichwa juu ya meza ya lile duka la kompyuta nikalia. Mwenye duka aliniletea maji, maskini, akidhani nimefiwa. Nilikuwa nimepanga kurudi mwezi ule ule. Nikaahirisha. Nikasema, kama mama ameikubali kazi yangu, basi nitamletea mpunga wote wa India. Nikafuata mashamba kutoka kijiji hadi kijiji, na kila nilichotuma kilisifiwa. Mama hakugomba tena. Hakuuliza tena nyumba ni ya nani. Nami, mjinga, nilidhani amelainika.

Nilipopiga simu, mama alikuwa kanisani. Nilipopiga tena, alikuwa amekwenda Nyakabere. Mara nyingine mafua yalikuwa yamemkausha sauti.

Nilirudi kupitia Bujumbura. Pale mpakani Kavimvira nilimkuta baba yako na wajomba wawili wakinisubiri. Hakuna aliyenitania kwa ndevu zangu. Nikauliza, "Mama iko wapi?" Mjomba mmoja akashika begi langu, akasema, "Tufike kwanza." Miguu yangu ilikuwa imeshajua.

Bibi yako alikuwa amekufa kwa homa ya siku chache, kabla sijawaona wale wanawake wa mpunga. Wazee wa ukoo walikaa wakasema: iko mbali, iko peke yake, akisikia ataanguka mu njia, na nani atamuokota? Wakaamua nisiambiwe mpaka nirudi. Faida akapewa kazi ya kuniandikia. Siku walipomzika, nimeihesabu baadaye, nilikuwa ndani ya treni nakula mayai ya kuchemsha, nacheka na watu.

Nilipoingia uani wanawake walianza kulia. Lakini kilio kinajulikana. Wao walishalia wakamaliza, vitenge vyake walishagawana, kaburi lilishaota majani. Walikuwa wananisindikiza tu kwa heshima. Nililia peke yangu, kama mtu anayefika harusini watu wakikunja viti.

Baada ya siku chache nilimwita Faida pembeni. Nikamuuliza kuhusu zile picha za mpunga.

"Mama njo alisema vile?"

"Alikuwa alisha kufa, yaya," akanijibu, akiniita kaka mkubwa kama siku zote. "Minye njo niliandika. Niliandika vile mama angesema."

"Mama hangesema vile."

Akainama. Kisha akasema, "Nilikuwa nataka ufurahi."

Na nilifurahi, Neema. Hilo ndilo wasilolielewa mpaka leo. Waliniibia kilio changu, hilo labda ningelimeza. Lakini mara moja tu maishani nilidhani mama yangu ameniona, na kumbe ni dada yangu, dukani, anatafuta maneno matamu. Mama mwenyewe angesema nini juu ya wale wanawake? Labda angesema wanapanda kwa kubanana mno. Labda angesema niweke kamera chini niingie majini kuwasaidia. Ningelipenda neno hilo moja la ugomvi kuliko baraka zote nilizoandikiwa. Picha nilizopiga kabla ya hapo nazitazama mpaka leo. Za mpunga sizifungui.

Shangazi yako si mtu mbaya. Amelea watoto wangu, chungu chetu ni kimoja. Moyo wake mzuri ndio ulionifanyia haya, na ndiyo maana nimeshindwa kumsamehe. Mtu mbaya ningemfokea, yaishe. Huyu kila nikitaka kumfokea ananiletea chakula.

Baba yako ndiye pekee aliyekuja kwangu. Alinifuata ziwani siku moja, akakaa kando yangu, akasema, "Yaya, tulikukosea. Kilio cha mama kilikuwa haki yako." Wengine wote walisema nishukuru. Sasa yeye ndiye aliyelala mle ndani, na mnataka kumfichia mwanawe.

Sikiliza basi. Usimtie marehemu maneno mdomoni, hata maneno mazuri, hasa maneno mazuri. Aliye mbali pia ni mtoto wa nyumba hii, na umbali haumpunguzii haki yake ya kulia siku tunayolia sisi. Mitihani itarudi mwaka ujao. Kesho haitarudi. Kwanza mtafute yule rafiki anayekaa chumba kimoja na kaka yako, aende akae kando yake. Kisha mpigie Baraka mwenyewe. Usizunguke, usiseme baba amezidiwa. Sema baba amekufa, sema saa ngapi, sema kesho tunamzika. Halafu nyamaza, umwache alie, na usikate simu hata akikaa muda mrefu bila neno. Akitaka kusikia nyimbo za kanisani, peleka simu uani asikie. Akiuliza baba alisema nini mwisho, na kama hakusema kitu, mwambie hakusema kitu.

Shangazi yako akikasirika, mwambie mimi ndiye niliyekutuma. Anajua ninachodai.

Mungu akupe sauti ya kulisema neno hili mpaka mwisho. Akulinde kila utakakokwenda, na siku yetu ikifika ukiwa mbali, akupe mtu wa kukuambia siku ile ile. Haya, mpigie. Mimi sitoki hapa.