Picha Iliyonuka Moshi

Siku hiyo naikumbuka kwa harufu kuliko kwa tarehe, mwanangu. Tarehe imenitoka, uzee nao haubishi hodi. Lakini moshi wa jikoni ukinipitia puani hata leo, nasimamisha cherehani kidogo ndipo naendelea.

Nimeikumbuka kwa sababu ya fulana yako. Juzi ulinijia hapa Milanzi, Sumbawanga, umeikunja kwenye mfuko, fulana ya yule msanii kijana wa hapahapa kwetu aliyefariki majuzi. Ulisema aliivua jukwaani, akaisaini, akakurushia. "Babu, bei inapanda kila siku kwenye simu. Naenda kuifua ing'ae. Niuze sasa au nisubiri?" Nilikuambia unishikie kitambaa nikate, ukadhani babu amekuwa kiziwi. Wala. Mawazo yangu yalikuwa Ilemba.

Enzi za ujana wangu palikuwa na mpiga gitaa mmoja, Selestini, mtoto wa Ilemba kule bondeni, aliyekwenda mjini akajiunga na bendi hadi redio zikamjua. Alipokuja kupiga dansi hapa Sumbawanga, kifungo cha shati lake kilikatika akiwa karibu kupanda jukwaani. Mimi nilikuwa najifunza ushonaji, na sindano haikosi kwenye ukosi wangu. Nikamshonea shati likiwa mwilini, naomba Mungu nisimchome. Alicheka, akatoa picha yake ameshika gitaa, akatia saini, akanipa.

"Fundi, umenisitiri," akasema.

Masika hayohayo malaria ikamchukua hukohuko mjini, ndevu hazijakomaa. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya bondeni. Mama yake hakuwahi hata kutupa udongo kaburini.

Haukupita muda akatokea mfanyabiashara, anazunguka kuulizia chochote chenye saini ya marehemu. Wahenga walisema kufa kufaana. Nikamuuliza mbona picha ambayo jana hakuna aliyeitaka leo inasakwa hivyo. Hakunificha.

"Angezeeka angesaini mpaka achoke, kila nyumba ingekuwa nayo. Kafa mapema, zilizopo ndizo hizohizo."

Bei aliyotaja ilitosha cherehani mpya, na cherehani ndiyo niliyokuwa naiota. Nilikuwa nashonea ya bosi, na fundi asiye na cherehani yake ni kibarua tu, hata awe hodari vipi. Mfanyabiashara akaahidi kurudi na fedha baada ya wiki. Nikampelekea picha bibi yangu aliyenilea. "Bibi, nitunzie. Kitu cha thamani sana hiki." Akaitikia, nami nikaenda zangu kazini nikipiga mluzi.

Sasa, mwanangu, kwa bibi zetu wa Ufipa hakuna kitu cha thamani kuliko mbegu. Na mbegu hazifungiwi sandukuni zikaota ukungu. Zinawekwa kwenye kichanja juu ya meko, moshi uzipige, wadudu wasizisogelee. Unaona ninakoelekea. Mfanyabiashara aliporudi, bibi alipanda kigoda, akaishusha picha kutoka katikati ya mahindi ya mbegu, imekuwa rangi ya chai. Saini inasomeka, sura inaonekana, lakini ukiisogeza puani unakohoa.

Mfanyabiashara akakunja uso. "Imeharibika hii. Nitakupa nusu, na hapo nakusaidia. Niko hapa mjini hadi Jumapili."

Nusu ilitosha cherehani kuukuu. Nikanuna, nikasusa hata ugali. Bibi hakujitetea.

"Ulisema ni ya thamani. Ningeiweka wapi tena?" Kisha akauliza huku anachochea moto, "Huyu kijana ana mama?"

"Anaye, yuko Ilemba."

"Anayo picha kama hii?"

Sikujua. Haikuwahi hata kunijia akilini kujiuliza.

"Basi mpelekee aione kwanza. Akishaiona, uza utakavyo." Akanifungia na unga wa ulezi, maana nyumba yenye msiba haiendewi mikono mitupu.

Barabara ilikuwa imeshafunguka, nikateremka bondeni na lori lililokuwa linafuata mpunga. Nia yangu, sikufichi, ilikuwa kuonyesha na kurudi nayo kabla ya Jumapili.

Mama yake Selestini nilimkuta anapepeta mchele. Nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo, nikaeleza nilikotoka, nikampa picha. Hakuitazama kwanza. Aliinusa. Akaiweka usoni akavuta pumzi, akakaa hivyo mpaka kuku wakaanza kudonoa mchele kwenye ungo, wala hakuwafukuza.

"Waliniletea begi lake la nguo," akasema. "Nimezinusa zote. Zinanuka sabuni ya mjini. Nimemtafuta mwanangu mle, sikumpata." Akaifuta picha kwa ncha ya kanga. "Hii inanuka jikoni kwangu. Alikuwa anakaa hapo mekoni na kigitaa chake cha debe, ananipigia kelele nikisonga ugali."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Maneno niliyoyaandaa njiani ya kuiomba picha irudi yalinikauka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeinyoosha, kwa mikono miwili. "Chukua, mwanangu. Nimeshamwona."

"Mama, hii ni yako," nikasema. "Sisi tulikuwa tunakutunzia."

Akapiga magoti mbele yangu, akapiga yale makofi ya polepole ya shukrani ya Kifipa, mtu mzima kwa kijana kama mimi. Aibu ikanishika, nikashuka chini nami nikapiga makofi, tukawa tunashukuriana mavumbini na kuku wanatushangaa.

Cherehani niliipata baadaye sana, kwa kuuza maharage na ulezi, msimu baada ya msimu. Nguo ya kwanza niliyoshona nayo ilikuwa gauni la bibi, na halikumaliza juma kabla ya kunuka moshi. Namshukuru mpaka kesho. Angeifungia picha ile sandukuni, ningeiuza ikiwa safi, kwa bei nzuri, na nisingejua kamwe nimeuza nini.

Sikukatazi kuuza fulana yako, mwanangu. Najua ada inakusubiri, na babu yako si mtakatifu. Saini ya aliyekufa mapema hupanda bei kwa kuwa mkono wake umetulia. Hiyo ni biashara, si dhambi. Lakini kabla wanunuzi hawajaanza kumtafuta, wapo waliomkosa kwanza. Mama wa huyo msanii wako umesema anauza mboga sokoni hapa mjini. Anza kwake. Akishaishika, utajua la kufanya, hutahitaji kuniuliza mimi.

Mungu akujalie watu wa kukutunzia mambo yako kwa namna usiyoielewa, na akupe kinywa cha kuwashukuru wangali wanasikia. Haya, nenda. Na fulana hiyo, mwanangu, usiifue.