Mama Nadharia wa Wodi ya Wanaume

Alikuwa amekaa wodi ya wanaume miaka mingi mno, hata wagonjwa aliowahi kuwahudumia ujanani walirudi wazee wakamkuta palepale, akisukuma kigari cha dawa ambacho gurudumu lake moja lilikuwa limegoma kuzunguka. Ikifika mchana miguu yake ilikuwa inavimba. Basi alivua kiatu kimoja chini ya meza ya zamu, akaupumzisha mguu huo, kisha akahamia wa pili, huku juu ya meza akiandika na kujibu watu kama kawaida.

Shuleni alirudi shingo upande. Metroni, mkuu wa wauguzi, ndiye aliyemwita ofisini akamwambia stashahada yake imepitwa na wakati, na kwamba bila shahada ataongozwa na watoto aliowafundisha yeye mwenyewe kupima presha. Akajiandikisha masomo ya mwisho wa wiki. Ikawa siku wanazopumzika wenzake, yeye yuko darasani, kichwa kinamwangukia kifuani, kalamu inachora mistari isiyosomeka.

Mhadhiri wake alikuwa mwanamke mpole aliyewahi kuwa muuguzi kabla mgongo haujamshinda. Siku moja aliwaeleza nadharia moja ya uuguzi. Inasema kila binadamu ana uwezo wa kujihudumia: kula, kunawa, kuvaa, kujigeuza. Ugonjwa ukija unamega sehemu ya uwezo huo. Kazi ya muuguzi ni kujaza pale palipomegwa tu, asimnyang'anye mtu kile kilichobaki.

Maneno hayo yalimkaa. Aliwawaza wagonjwa wake wa kiharusi, jinsi anavyowavua, anavyowasugua na kuwageuza mbiombio, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeosha masufuria ya shughuli. Hakuwa mkatili. Asubuhi ilikuwa na kazi nyingi na mikono ilikuwa michache. Lakini alijiuliza ni mara ngapi amemvalisha shati mtu ambaye mkono wake mmoja ulikuwa mzima kabisa, umelala tu kando, hauna la kufanya.

Hapo ndipo alipopata mada ya utafiti wake. Wagonjwa wa kiharusi wakikaliwa karibu, wakaachwa kunawa na kuvaa wenyewe kadiri wanavyoweza, je, watapata nafuu mapema kuliko wanaoogeshwa? Alipowaeleza wenzake wakati wa chai, ulimi ukateleza.

"Nataka kuchunguza wagonjwa wanavyojisaidia," alisema.

Muuguzi mwenzake wa zamu akaweka kikombe chini. "Hilo mbona tunaliona kila siku, dada. Na mashuka tunabadilisha sisi."

Walicheka mpaka mhudumu wa usafi akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo akawa Mama Nadharia. Hata daktari wa zamu akipita alimwuliza nadharia inaendeleaje, na yeye alijibu kwamba nadharia haijambo, mwenyewe ndiye hoi.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kupiga simu kuliko kuonekana. Mama mzazi wa Mama Nadharia, aliyekula chumvi nyingi, alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia, upande wa kushoto ukalegea. Wifi yake, dada wa mume, alihamia kwao kushinda na bibi huyo mchana. Wifi alimlisha, alimpigisha soga, aligombana naye kuhusu redio. Lakini kuoga, bibi alikuwa na msimamo: haogeshwi na mtu ila binti yake. Kwa hiyo kila akirudi kazini, kabla hajavua sare, Mama Nadharia alikuta maji yameshachemshwa na mama yake amekaa kwenye kiti cha bafuni, anamsubiri.

Utafiti ulianza vizuri. Wazee kadhaa walikubali kushiriki. Miongoni mwao alikuwa fundi cherehani, mtu mwembamba, mcheshi, aliyelegea upande wa kulia, wenye mkono uleule uliomlisha. Wote walimwita Fundi. Siku ya kwanza Mama Nadharia alimwekea beseni upande wa kushoto, akampa sabuni, akavuta kigoda akakaa.

"Leo utanawa mwenyewe, Fundi. Mimi nipo hapa."

Fundi alimwangalia. "Umechoka leo, sista?"

"Nimechoka kila siku, baba. Lakini si kwa ajili hiyo."

Alinawa uso. Maji yaliingia masikioni, shingoni, kitandani. Kisha likaja shati. Mikono ya shati aliishinda, kola aliishinda, lakini vifungo vilimpiga chenga. Kifungo cha juu kiliingia tundu la pili, cha pili kikakosa pa kwenda.

"Nimeshona vifungo vya watu maisha yangu yote," alisema, jasho linamtoka. "Leo hiki kimoja kinanicheka."

Mama Nadharia alikalia mikono yake ili isimponyoke ikaenda kusaidia. Nyuma yake wagonjwa wengine walikuwa wanamwita, na mwenzake alikuwa anapita na kumpa jicho. Kumwogesha Fundi ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Kumwacha aoge mwenyewe kulikula asubuhi.

Binti mkubwa wa Fundi alipokuja saa ya kuona wagonjwa alimkuta baba yake na povu kavu nyuma ya sikio, shati limekaa upande. Alimfuata Mama Nadharia hadi meza ya zamu.

"Dada, samahani, kazi ya hapa ni ya nani?"

Akaelezwa: utafiti, nadharia, kwamba mzee mwenyewe alikubali na anaweza kujitoa wakati wowote.

"Baba yangu si mtu wa kufanyiwa majaribio," alisema binti, kwa sauti ya chini, macho yamejaa machozi. "Mimi nashinda natembea juani kumletea chakula, nikijua huku anatunzwa."

Mama Nadharia aliweka kalamu chini. Alimwomba ampe muda, binti akaondoka bila kuaga.

Kisha likatokea lililotokea. Asubuhi ile walikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, katikati ya kunawa, wakati mgonjwa wa upande wa pili alipoanza kukabwa na pumzi. Mama Nadharia akasimama.

"Ngoja hapo hapo, Fundi. Usisimame. Nakuja."

Alimweka yule mgonjwa kwenye oksijeni, akamwinua kichwa, akamwita daktari. Ndipo aliposikia beseni likianguka. Fundi alikuwa chini, maji yametapakaa, damu inamchuruzika juu ya jicho. Alikuwa ametaka kuifikia taulo iliyoning'inia kwenye chuma cha kitanda.

Alishonwa jeraha, akapigwa picha ya kichwa, ikaonekana hakuna kilichovunjika. Lakini binti yake alikwenda moja kwa moja kwa metroni, na jioni hiyo Mama Nadharia akasimamishwa mbele ya meza, mikono nyuma.

"Utafiti usimame kwanza," alisema metroni. Alikuwa mwanamke mkali, ila siku hiyo hakufoka. Alivua miwani akajifikicha macho. "Najua ulikuwa unaokoa mtu. Na najua mlikuwa wawili. Ninaomba waongezwe wauguzi kila siku, sipewi. Lakini mzee ameanguka mikononi mwako, na mimi ndiye nitakayejibu."

"Nimeelewa, mama."

"Nenda nyumbani ukalale."

Kulala kulikuwa mbali. Nyumbani maji yalikuwa tayari na mama yake ameshakaa kwenye kiti. Mama Nadharia alipiga magoti sakafuni, akachovya kitambaa. Kwa uchovu, au kwa ukaidi, hakujua, alimwekea mama yake kitambaa katika mkono wa kulia, ule mzima.

"Mama, mkono huu una nguvu. Jaribu mwenyewe mbele, mimi nitafanya mgongo."

Mama yake alikitazama kile kitambaa, kisha akamtazama yeye.

"Mimi ni mama yako au ni mgonjwa wako?"

"Mama, ni kwa faida yako. Mkono ukikaa bure—"

"Naweza," alisema mama. "Usidhani siwezi. Ukitoka asubuhi nachana nywele mwenyewe, nakunywa chai mwenyewe, muulize wifi yako. Hiki naweza, ila sitaki. Nimewaogesha nyinyi wote. Nimemwogesha baba yenu mpaka siku yake ya mwisho. Mimi nani aliwahi kunimwagia maji mgongoni? Nimengoja mpaka nimelemaa ndiyo nimepata."

Mama Nadharia alikitwaa kitambaa akamwogesha, taratibu, mgongo, mabega, katikati ya vidole vya mkono uliolegea. Mama yake alifumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo, Mama Nadharia alilia, machozi yake yakachanganyika na maji, na mama yake hakuyaona au alijitia hakuyaona.

Wifi alikuwa amesimama nje ya pazia na taulo. Alipompa alimnong'oneza, "Na hilo kaliandike."

Mwisho wa wiki alikwenda kwa mhadhiri akamweleza yote. Alitaka moja kati ya mawili: aache utafiti, au amwondoe Fundi humo, wabaki wale ambao hawakuanguka.

"Ukimwondoa utakuwa na utafiti safi," alisema mhadhiri, "na utakuwa wa uongo. Siku ile mlikuwa wangapi zamu?"

"Wawili."

"Na nadharia inasema muuguzi akae karibu na mgonjwa, amwongoze, amwachie kidogo kidogo. Akae saa ngapi?" Mhadhiri alijinyoosha, akashika kiuno chake kibovu. "Wenzetu walioiandika nadhani walikuwa na viti vya kukalia. Anzia hapo kuandika. Hiyo ndiyo habari uliyo nayo."

Siku iliyofuata aliingia wodini mapema, akaenda kwanza kitandani kwa Fundi. Bandeji ilikuwa imemfunika nyusi. Binti yake alikuwa ameketi pembeni, amekunja mikono.

"Nimekuja kukuomba radhi, baba. Sikupaswa kukuacha."

"Sista, nilikusikia ukisema nisisimame," alisema Fundi. "Nilijitia sikusikia. Nilitaka nikujie na taulo yangu begani, unikute nimemaliza." Akaigusa bandeji. "Juzi mvulana wa zamu nyingine kanivalisha. Kanivalisha vizuri, kila kifungo mahali pake. Nimekaa nalo shati hilo siku nzima kama mwanasesere wa dirishani. Mimi nataka kuendelea."

Binti alimtazama baba yake muda mrefu. Hasira ilikuwa bado ipo usoni, lakini ilikuwa imechoka, kama kila mtu mle ndani.

"Kama anataka, nitakuja mimi nikae naye asubuhi," alisema hatimaye. "Ila unifundishe. Mimi nikimwona anahangaika sivumilii."

Mama Nadharia alipeleka ombi hilo kwa metroni: ndugu mmoja kwa kila mgonjwa wa kiharusi aruhusiwe kuingia asubuhi, akae, awe macho na mikono, afundishwe lini kushika na lini kuacha. Metroni alilizungusha siku kadhaa, akakubali, kwa sharti kwamba sakafu ikaushwe kwanza na taulo iwekwe mapajani.

Binti wa Fundi alikuja. Siku ya kwanza alisimama na kukaa, akasimama na kukaa, mkono ukimwendea baba yake na kurudi. Alipotoka nje alikuwa amelowa jasho kuliko mgonjwa.

"Kumbe kumwangalia ni kazi kuliko kumwosha," alimwambia Mama Nadharia.

"Ndiyo maana tunawaosha," alijibu, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na nguvu ya kucheka sana.

Tasnifu ilipokwisha haikuwa na ushindi wa kutangaza. Waliojihudumia walionekana kupata nafuu mapema kidogo, lakini wagonjwa walikuwa wachache, na tofauti yenyewe ndogo mno kuitegemea. Aliandika hivyo hivyo. Aliandika pia anguko la Fundi na wauguzi wawili wa asubuhi ile. Na aliandika kwamba kabla ya kumwachia mtu kitambaa ni lazima kumwuliza kama anakitaka, kwa kuwa wapo wanaoweza ila wana sababu zao za kutaka kuhudumiwa, na sababu hizo si uvivu. Mmoja wa watahini alimwuliza kama basi nadharia ile inafaa au haifai.

"Inafaa," alisema, "palipo na mtu wa kukaa."

Walimpa alama ya kati na masahihisho mengi.

Fundi alirudi kwake akiburuta mguu. Mkono wa kulia haukurejea kwenye cherehani. Siku hizi anapima wateja kwa mkono wa kushoto na kuwakaripia wanafunzi wake, na huja kliniki na shati lililofungwa vifungo vyote, ingawa bintiye anasema humchukua muda wa kupika maharage. Wodini bado ni wauguzi wawili asubuhi, mara chache watatu. Ndugu wanaendelea kuruhusiwa. Wengine wanakuja, wengine hawawezi kuja, na hao wa pili wanaogeshwa mbiombio kama zamani.

Siku ya mahafali alikuwa ametoka zamu. Alivaa joho juu ya sare, akakaa katikati ya safu, na ukumbi ulikuwa na joto na hotuba zilikuwa ndefu. Alisinzia. Wifi, aliyekuwa nyuma yake na bibi kwenye kiti cha magurudumu, alimfinya bega jina lake liliposomwa. Akaamka, akatembea mpaka mbele, akapeana mkono na mtu asiyemfahamu, akapewa cheti, akarudi kukaa.

Mama yake alimpokea ile karatasi kwa mkono wa kulia, akaisogeza karibu na macho, akaitazama ingawa hakujua kusoma.

"Sasa utapumzika?" aliuliza.

"Kesho niko asubuhi, mama."

"Basi sinzia tena," alisema mama yake. "Bado wanaita wengine."