Mbwa Aliyejua "Anakuja"

Ukimwambia mtu wa kwao Kibokoni kwamba Ummulkheir binti Mahfudh anakula mshahara kwa kuwafanyia mbwa mtihani, atacheka kwanza, kisha atauliza kama huko Dubai watu wameishiwa na watoto wa kusomesha. Mwenyewe hajawahi kuisema kazi hiyo nyumbani. Mamake anajua tu kwamba bintiye yuko kwenye kituo cha kulea, na hapo pana ukweli wa kutosha.

Kituo kiko mtaa wa Al Barsha, nyuma ya gereji. Wenye mbwa huwaacha pale asubuhi wakienda kazini, wakawachukua jioni. Ila si kila mbwa hupokewa. Kwanza hupimwa nusu siku: kama anakaa na wenzake bila kuuma, kama mwenyewe akiondoka halii mpaka akakaukiwa na sauti, kama mgeni akimgusa haogopi. Anayefaulu huandikishwa. Anayefeli hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na hakuna wa kumtetea, maana mpimaji ni Ummulkheir, na kwa miaka tisa hajampitisha mbwa akajuta.

Aliingia pale akiwa mfagiaji, na mbwa alikuwa akiwaogopa kufa. Woga ule ndio uliomsomesha. Alikaa akitazama masikio, mikia na weupe wa macho, hadi meneja akagundua kwamba mama wa ufagio anajua nani atamuuma nani kabla wao wenyewe hawajaamua. Mpaka leo chini ya sinki yake pana kopo la udongo safi. Mate ya mbwa yakimgusa, huosha mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama dini yake inavyoagiza. Meneja alipouliza, aliambiwa ni dawa ya ngozi.

Oskar aliletwa Jumatatu moja ya mwezi wa Machi. Alikuwa mbwa wa rangi ya mchanga, miguu mirefu, kichwa chini. Madam aliyemleta alijaza fomu akiwa amesimama. Penye swali la nani anaishi na mbwa nyumbani, aliandika: mimi na mume wangu. Penye nani mwingine amewahi kumlea, aliandika: hakuna. Akaondoka bila kumgusa, na mbwa hakugeuza hata sikio kumsikiliza akienda.

Ummulkheir hakupenda. Mbwa anayelia anajulikana, anayerukaruka anajulikana. Huyu alikuwa ametulia kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Alimpa amri za Kiingereza, moja baada ya nyingine. Oskar alimtazama tu. Ummulkheir akachoka, akasema kama anavyosema peke yake, "Haya, kaa basi, babangu."

Oskar akakaa.

"Lala," akasema, sasa kwa sauti ndogo. Akalala. "Inuka. Njoo." Akainuka, akaja, akaweka kidevu juu ya kiatu chake. Ummulkheir alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali; akaitazama tena fomu, penye nani mwingine amewahi kumlea.

Alichukua redio ya mkononi. Yeye na Nickson, kijana wa Nakuru anayekaa mapokezi, huzungumza Kiswahili humo ili wateja wasiwaelewe. "Nickson, huyu Oskar anajua Kiswahili."

"Wacha jokes, mathe. Hata mimi sikijui poa." Nickson akacheka. "Sikia, mbwa wa pili wa test ako hapa nje na mwenyewe. Niwafungulie?"

"Yule mkubwa ndiye anayekuja?"

"Ndio huyo. Anakuja."

Neno lile lilipotoka redioni, Oskar aliinuka. Hakubweka. Alimshika Ummulkheir ukingo wa baibui kwa meno, taratibu, akamvuta. Alivuta kama anayejua uzito wa mtu mzima na anayejua kwamba muda ni mchache. Akamfikisha kwenye meza ya pembeni, akamwingiza chini yake, kisha akajilaza mbele akiwa amempa mgongo. Baina yake na ukuta aliacha nafasi. Ummulkheir alienea kwa kujikunja sana. Ilikuwa nafasi ya mtu mwembamba kuliko yeye.

Mbwa alizuia pumzi. Ummulkheir aliisikia ikikatika, na ya kwake nayo ikakatika.

"Mathe, uko wapi?" redio ikauliza. "Nimecheki kamera zote, sikuoni."

Oskar alikuwa ndani ya chumba kile kwa nusu saa tu, na pembe ile ndiyo pekee ambayo kamera haiifikii.

Ummulkheir alitoka kwa kutambaa. Mbwa hakutoka. Alimwita kwa upole, akamwekea nyama, hakuguswa na chochote. Nickson alipokuja, akasimuliwa yote, na kwamba kuna mtu wa Kiswahili aliyekuwa akijificha na mbwa huyu nyumbani kwao, aliinama akatazama chini ya meza. "Tutaambia polisi nini?" akasema. "Ati mbwa anaongea Kiswahili?"

Kwa sheria za kituo, mbwa anayejificha na kumng'ang'ania mtu mmoja amefeli. Fomu ilikuwa mkononi. Akiandika hivyo, Oskar atarudi mchana huu kwenye nyumba ile, kwa mtu anayekuja. Ummulkheir aliogopa, na sasa hakuwa akimwogopa mbwa.

Saa saba aliyekuja kumchukua ni mume wa yule madam. Kanzu yake safi, adabu nyingi, sauti ya chini. "Vipi, amefaulu?"

"Sir, naomba kuuliza kwanza. Nani alimfundisha?"

Yule bwana alitabasamu. "Hatujawahi kuwa na mfanyakazi wa ndani," akasema.

Ummulkheir hakuwa ametaja mfanyakazi. Aliikumbatia fomu kifuani, akasema uongo wa pili wa maisha yake kazini, mkubwa kuliko ule wa udongo. "Mtihani haujaisha, sir. Mbwa wa namna hii hupimwa wiki nzima, na hulala hapa hapa."

Alitarajia ubishi. Bwana akautazama kidogo mlango wa ndani, kama anayesikiliza, kisha akasema, "Khalas, basi. Kaeni naye." Na akatoka upesi, upesi kuliko mtu anayemwacha mbwa wake.

Ummulkheir alisubiri hadi gari likatoweka kwenye kamera ya barabarani. Akarudi chumbani, akapiga magoti mbele ya meza. Alifikiri: huyo mfanyakazi aliyekuwa akimnong'onezea mbwa kwamba bwana anakuja, hatari ikipita alimwambiaje? Akajaribu kwa lafudhi ya kwao, maana hakuwa na nyingine.

"Ashaondoka."

Oskar alivuta pumzi ndefu. Akatoka, akajinyoosha, akapiga hatua mbili. Kisha akageuka kuelekea chini ya meza, akaanza kutikisa mkia, akimsubiri mwenzake naye atoke.

Alisubiri. Chini ya meza hapakuwa na kitu ila ukuta. Ummulkheir, machozi yakimtoka, akajikuta amesogea pembeni kuacha njia.